Je, habari za Yesu zilinakiliwa kutoka kwa Mithras?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana parokiani kwetu. Hivi karibuni kijana mmoja alirusha kwenye kundi letu la WhatsApp video inayosema kwamba kabla ya Yesu kulikuwa na mungu wa Kiajemi aitwaye Mithras, aliyezaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi 12, akafa na kufufuka siku ya tatu, na kwamba wafuasi wake walikula mkate na kunywa divai. Inasema Kanisa lilinakili yote hayo, kisha likabomoa mahekalu yake kuficha ushahidi. Vijana wameniuliza nami sikuwa na jibu. Kaka yangu anayeishi London anasema hekalu la Mithras liko kule na watu wanalitembelea. Ni lipi la kweli, na niwaambie nini vijana?"

Marahaba, mwanangu. Kaka yako hajakosea: hekalu lipo London, na dini yenyewe ilikuwepo. Kwa takriban miaka 300, tangu mwishoni mwa karne ya 1 BK hadi karne ya 4 ilipokuwa inamalizika, wanaume katika miji na kambi za jeshi za Milki ya Roma walikusanyika kwenye vyumba vidogo vyenye giza kumwabudu Mithras. Shida iko kwenye hayo mengine. Kuzaliwa na bikira, tarehe 25 Desemba, wanafunzi 12, kufa na kufufuka: haya hayana ushahidi wa kale hata kidogo. La chakula cha pamoja lina msingi, na nitalikalia zaidi, kwa kuwa ndilo ambalo kijana msomaji atakurudia nalo.

Lakini tuanze na jinsi tunavyoijua dini hii. Wafuasi wa Mithras hawakutuachia kitabu. Hatuna injili yake, hatuna kitabu cha sala, wala hadithi ya maisha yake iliyoandikwa na mtu wake. Tulichonacho ni majengo, sanamu na maandishi mafupi ya wakfu yaliyochongwa kwenye mawe: mtu fulani ametimiza nadhiri yake kwa mungu Mithras asiyeshindwa, basi. Sehemu zilizochimbuliwa au kutambuliwa zinapita 400, toka Uingereza hadi Syria, na Afrika pia zimo. Pale Lambaesis, Algeria ya leo, kamanda wa jeshi la Roma mwenyewe alijenga hekalu katika miaka ya 180. Zaidi ya hapo tuna mistari michache ya watu wa nje, wengi wao mapadri na waandishi wa Kikristo walioipinga, pamoja na wanafalsafa walioipenda. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia vijana "maandiko ya Mithras yanasema", mwulizeni kwa upole: maandiko gani, yako wapi?

Hekalu lenyewe halikufanana na mahekalu makubwa ya Kirumi yenye nguzo na ngazi za mbele. Lilijengwa kama pango. Ukishuka chini ya kanisa la San Clemente mjini Roma unalikuta moja kamili: chumba kirefu chembamba, dari la kuba lililoparazwa makusudi lifanane na mwamba, mabenchi mapana ya mawe kuume na kushoto, madhabahu katikati. Kuna unyevu, na sauti ya maji yanayopita chini ya ardhi haikatiki. Watu hawakukaa kwenye yale mabenchi. Walijilaza kwa ubavu, kama Warumi walivyofanya karamuni, wakitazamana. Chumba cha namna hiyo kiliingiza watu 20, pengine 40. Porfirio, mwanafalsafa wa karne ya 3, anaeleza kwamba pango lilikuwa mfano wa ulimwengu mzima, na kila kilichowekwa ndani kilikuwa na nafasi yake mbinguni.

Mwisho wa chumba, pale macho yote yanapoelekea, palikuwa na picha ileile kila mahali. Mithras, kijana mwenye kofia laini iliyopinda ncha, amempigia goti fahali mgongoni, mkono mmoja umeshika pua ya mnyama na mwingine unazamisha jambia shingoni. Yeye mwenyewe hamtazami fahali, amegeuza uso. Mbwa na nyoka wanarukia damu. Ng'e amemshika fahali korodani. Kunguru yupo juu, na mkia wa fahali unaishia kwenye masuke ya ngano. Pembeni wamesimama vijana wawili wenye mienge, Cautes ameuinua, Cautopates ameuinamisha, na kwenye pembe za juu kuna Jua na Mwezi. Mamia ya sanamu hizi yamepatikana, mengine ya marmari safi, mengine yamechongwa na fundi wa kijijini asiyejua vipimo, lakini mpangilio ni uleule.

Sasa tazama tatizo lililopo. Una picha yenye mambo mengi, inayorudiwa toka Uingereza hadi mto Frati, na hakuna aliyetuandikia maana yake. Ni sawa na kukuta kanga pea nzuri ambayo jina lake limefutika: unajua wazi kwamba mvaaji alikuwa anasema neno, lakini neno lenyewe huna. Kishawishi cha kubandika jina la kanga nyingine ni kikubwa sana, na hapo ndipo upotoshaji wote wa video yenu ulipoanzia.

Aliyebandika jina la kwanza alikuwa msomi mkubwa na mwaminifu, Franz Cumont wa Ubelgiji. Mwaka 1896 na 1899 alichapisha juzuu mbili zilizokusanya kila jiwe na kila mstari uliojulikana wakati huo kuhusu Mithras. Kazi ile bado tunaitumia. Ila katika kueleza maana, Cumont alichukua vitabu vya dini ya Kiajemi na kuvisoma juu ya sanamu za Kirumi. Mithra wa Uajemi ni wa kale kweli. Jina lake limo kwenye mkataba kati ya Wahiti na ufalme wa Mitanni wa karne ya 14 KK, na limo katika nyimbo za Avesta, maandiko matakatifu ya Kiajemi, akiwa mlinzi wa mikataba na viapo. Lakini Mithra huyo hachinji fahali. Katika mapokeo ya Kiajemi, anayemuua fahali wa kwanza ni Ahriman, roho mwovu. Hana mapango ya ibada, hana ngazi saba za wafuasi, na waabudu wake hawakujificha. Mwaka 1971 wataalamu walikutana Manchester, na hapo John Hinnells na Richard Gordon wakabomoa ule mhimili wa Cumont mbele ya watu. Tangu hapo wengi wetu tunaamini kwamba dini ya Mithras kama tunavyoiona kwenye mahekalu iliundwa ndani ya Milki ya Roma, ikachukua jina na mavazi ya Kiajemi, na ikayapa maana mpya. Ndiyo maana nasema Mithra nikimtaja wa Uajemi, na Mithras nikimtaja wa Roma.

Hii inagusa moja kwa moja neno "kabla ya Yesu". Video inachukua umri wa Mithra wa Uajemi na kumpa Mithras wa Roma. Mahekalu ya kale zaidi na maandishi ya kwanza ya ibada ya Kirumi ni ya mwishoni mwa karne ya 1 BK. Mshairi Statius anamtaja Mithras akipambana na fahali kwenye pango katika shairi lililotoka kama mwaka 92. Mtu mjuzi anaweza kukwambia kuhusu Plutarko, mwandishi Mgiriki, aliyeandika kwamba maharamia wa Kilikia, pwani ya Uturuki ya leo, walioshindwa na jemadari wa Roma Pompeo mwaka 67 KK walikuwa na ibada za siri za Mithras. Ni kweli aliandika hivyo, miaka kama 150 baadaye, na huenda kuna chembe ya ukweli. Bado hakuna hekalu, sanamu wala jiwe la wakfu la wakati ule linalotuonyesha maharamia hao walifanya nini.

Tuje kwenye madai yenyewe. Mithras alizaliwa kutoka kwenye mwamba. Sanamu zinamwonyesha akichomoza kwenye jiwe, uchi, tayari ni kijana, kofia kichwani, jambia mkono huu na mwenge mkono ule. Mama hayupo pichani, awe bikira au asiwe. Aliyegeuza mwamba kuwa bikira ameongeza la kwake.

Wanafunzi 12 walitoka wapi? Nadhani walitoka kwenye buruji. Baadhi ya sanamu zimezungushiwa alama 12 za nyota, Kaa, Simba, Mizani na wenzao. Moja nzuri sana ilipatikana Housesteads, kwenye ukuta wa Hadriani kaskazini mwa Uingereza: Mithras anachomoza kwenye yai, na buruji zimemzunguka kama fremu. Wafuasi hawakuwa 12 wala hawakuwa na mitume. Walikuwa na ngazi 7, ambazo Mtakatifu Jeromu anazitaja kwa majina na ambazo mozaiki ya hekalu moja huko Ostia, bandari ya Roma, inazionyesha moja baada ya nyingine kwa alama zake: Kunguru, Bwana harusi, Askari, Simba, Mwajemi, Mkimbiaji wa Jua, na juu kabisa Baba.

Kufa na kufufuka ndilo dai lililo mbali zaidi na ushahidi. Katika mamia ya sanamu hakuna hata moja inayomwonyesha Mithras akifa. Anayekufa ni fahali. Baada ya hapo Mithras na mungu Jua wanakula pamoja juu ya ngozi ya fahali, kisha wanapanda gari la farasi la Jua. Asiyekufa hafufuki. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Kartago, anasema kwamba ndani ya ibada hiyo kulikuwa na "mfano wa ufufuko", na msomaji makini anaweza kulileta hilo. Lakini Tertuliani anazungumzia jambo wanalofanyiwa wanaoingizwa katika ibada. Hasemi mungu wao alikufa.

Kuhusu 25 Desemba, chanzo ni kalenda moja ya Kirumi ya mwaka 354, inayoandika siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa" na kwamba kutakuwa na mashindano 30 ya magari ya farasi. Asiyeshindwa huyo anaeleweka kuwa Sol, mungu Jua, ambaye mfalme Aureliani alimjengea hekalu kubwa mwaka 274. Mithras naye aliitwa Jua lisiloshindwa, kwa hiyo watu wakaunganisha. Lakini Sol alikuwa na hekalu lake la wazi, makuhani wake na michezo yake ya umma. Mithras hakuwa na sikukuu ya umma hata moja. Kitabu kilekile cha mwaka 354 kina pia orodha ya Kanisa inayotaja kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu tarehe hiyohiyo. Kama Wakristo waliichagua siku hiyo kwa ajili ya sikukuu ya Jua, au kwa kuhesabu miezi tisa toka 25 Machi, wanahistoria bado wanabishana. Mithras hayumo kwenye ubishi huo.

Sasa chakula. Hapa usiwaambie vijana kwamba hakuna kitu, kwa sababu kipo. Mtakatifu Justino Mfiadini, akiandika Roma karibu mwaka 155, anaeleza Ekaristi kisha anasema mashetani wameiiga katika ibada za Mithras, kwa kuwa wanaoingizwa huko huwekewa mkate na kikombe cha maji pamoja na maneno fulani. Maji, angalia, ingawa video inasema divai. Justino aliona ufanano, ukamuudhi.

Akiolojia inatupa picha pana kuliko Justino. Huko Tienen, Ubelgiji, wachimbaji walifungua mashimo kando ya hekalu yaliyojaa mabaki ya karamu moja kubwa ya karne ya 3: mifupa ya kuku zaidi ya 200, wengi majogoo, pamoja na ya wana-kondoo na watoto wa nguruwe, na vyombo vilivyotumika siku ile vikafukiwa palepale. Huko Dura-Europos, Syria, mtu alikwaruza ukutani hesabu ya manunuzi: nyama, divai, mchuzi, kuni. Nikisoma orodha ile huwa najisikia niko karibu nao kuliko nikitazama sanamu kumi, maana ni hesabu ambayo mweka hazina wa kikundi chochote angeiandika. Hawa walikuwa wanakula chakula cha shibe, wamejilaza, chini ya picha ya fahali.

Je, Wakristo walinakili? Tarehe zinakataa. Mtume Paulo anaandika kuhusu mkate na kikombe katika Barua ya Kwanza kwa Wakorintho katikati ya miaka ya 50, na anasema ni jambo alilolipokea, maana yake ni la zamani zaidi ya barua. Limesimama juu ya Pasaka ya Kiyahudi. Hekalu la kwanza la Mithras tunalolijua linakuja miaka 30 au 40 baadaye. Je, wafuasi wa Mithras ndio waliowanakili Wakristo, kama Justino alivyodhani? Hilo nalo sioni haja yake. Katika miji ya Kirumi, chama cha mafundi, chama cha kuzikana, waabudu wa mungu huyu au yule, wote walifungamana kwa kula pamoja. Vikundi viwili vilivyokulia mtaa mmoja vikiwa na meza ya pamoja havihitaji kuibiana wazo la meza.

Utakutana pia na mstari mmoja maarufu kutoka hekalu lililo chini ya kanisa la Santa Prisca, Roma, unaotafsiriwa "nawe umetuokoa kwa damu iliyomwagika". Ni rangi iliyofifia ukutani, na waliochunguza upya walithibitisha kwa uhakika maneno ya damu kumwagika tu. Neno la kuokoa lilijazwa na wasomaji wa kwanza. Mimi nisingejenga hoja juu yake, iwe ya kutetea au ya kupinga.

Madai ya kuficha ushahidi yana nusu ya ukweli. Mahekalu mengine yalivunjwa kweli. Jeromu anamsifu Gracchus, gavana wa jiji la Roma katika miaka ya 370, kwa kubomoa pango la Mithras na kuchoma sanamu zake, na kuna picha za ukutani zilizokatwa kwa shoka. Hatuna sababu ya kuona aibu kulisema hilo mbele ya vijana. Mengine yaliachwa tu watu walipopungua. London, sanamu kadhaa zilifukiwa ardhini ndani ya hekalu lenyewe, kama vitu ambavyo mtu anataka vibaki salama. Na fikiria hili: Justino, Tertuliani na Jeromu ni miongoni mwa mashahidi wetu wakuu, na vitabu vyao vilinakiliwa kwa mkono na wamonaki karne baada ya karne. Lile hekalu la San Clemente liligunduliwa katika uchimbaji ulioanzishwa mwaka 1857 na padri Mdominiko, Joseph Mullooly. Anayeficha hachimbi.

Ningependa vijana wako wapate pia kitu ambacho video haikuwapa, nacho ni watu wenyewe. Huko Virunum, Austria ya leo, lilipatikana bamba la shaba lenye majina ya wanachama. Wanaume 34 walilikarabati hekalu kwa fedha zao, wakaorodheshwa. Tauni ilipopita, mwezi Juni mwaka 184 walikutana kwa sababu ya vifo, na majina 5 yamewekewa alama ya kifo. Kisha wapya wanaongezwa, mwaka hadi mwaka, kwa miandiko tofauti, hadi yanafika 98. Kwenye mabamba na mawe ya namna hii unakuta askari, watumwa wa ofisi za ushuru, watumwa walioachwa huru, wafanyabiashara. Mtumwa aliweza kuwa Baba na kumwingiza mtu huru. Wanawake hawamo. Ernest Renan, mwanahistoria Mfaransa, aliandika mwaka 1882 kwamba Ukristo ungekwama, dunia ingekuwa ya Mithras. Mimi sikubaliani naye. Dini inayoacha mama, dada na binti nje ya mlango, na inayokaa katika vyumba vya watu 30, haikuwa njiani kuwa dini ya ulimwengu.

Kwa vijana, ningeanza kwa kukubali kwamba swali ni halali. Onyesha picha ya fahali, waache waieleze wenyewe, kisha walinganishe na orodha ya video. Mtaalamu Roger Beck na wengine wanaisoma kama ramani ya nyota, fahali, mbwa, nyoka, ng'e na kunguru wote wakiwa majina ya makundi ya nyota. Mimi naona wana hoja nzito, hasa ukimkumbuka Porfirio na pango lake, ingawa hawakubaliani wao kwa wao kuhusu maana. Vijana wataona haraka kwamba mtu anayedai kujua hadithi nzima ya Mithras anadai zaidi ya mawe yanavyosema.

Kuna jambo moja ambalo barua yangu haiwezi kulitimiza. Kama kijana mmojawapo ameyumba kiimani, na si udadisi tu, tarehe na mahekalu hayatamtosha. Mpeleke kwa paroko au mlezi anayemwamini, wakae uso kwa uso. Na kama kuna anayetaka kujifunza jinsi ushahidi wa ardhini unavyosomwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa akiolojia, na atanufaika nao hata kama wao wanachimba Kilwa badala ya Roma.

Naye kaka yako mwambie aende. Hekalu lilijengwa karibu mwaka 240 kando ya kijito cha Walbrook, likaonekana mwaka 1954 eneo lililolipuliwa vitani lilipokuwa likisafishwa. Kichwa cha Mithras cha marmari kilitoka udongoni tarehe 18 Septemba, na watu wa London wakapanga foleni kwa maelfu kukiona. Kuta zilihamishwa, zikajengwa vibaya mahali pengine, na tangu 2017 zimerudishwa karibu na zilipokuwa, mita 7 hivi chini ya jengo la Bloomberg. Kiingilio ni bure, ila aweke nafasi mapema. Akiwa ndani apige picha ya mpangilio wa chumba, mabenchi pande mbili na nafasi ya picha ya fahali mwishoni, akutumie uwaonyeshe vijana.